Anaoga na Nini?

Nilirudisha funguo za kabati ya dawa mwezi uliopita, na tangu siku hiyo mikono yangu haijui pa kukaa. Ninyi wadogo zangu mliobaki kituoni mliniomba niandike juu ya muwasho wa ngozi, kwa sababu kila asubuhi nusu ya watu walio kwenye benchi wanajikuna, na mnasema mimi ndiye niliyewazoea. Basi naandika. Habari za vyeo nitaziruka, kwani havikuwa vingi. Za mshahara pia nitaziruka, mnaupokea na mnaujua. Nitawaambia habari za maji, mafuta na kucha, na za kosa langu moja ambalo nusura limtenganishe mtoto na mama yake.

Kazi niliianzia Kisenge, kwenye mgodi wa manganizi. Nilishuka kwenye lori asubuhi na sare nyeupe niliyoipiga pasi mara mbili, na kufika saa sita mchana ilikuwa na rangi ya majivu. Mkuu wangu alikuwa Tata Kabwita, muuguzi mfupi aliyesema kwa sauti ya chini mpaka wagonjwa wakainama kumsikiliza, wakidhani wanapewa siri. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mfanyakazi wa mgodini aliyejikuna mikono mpaka ikatoka damu. Nilikimbilia kabati kutafuta dawa ya kupaka. Tata Kabwita akasimama mbele ya mlango wake.

"Dawa haikimbie, mama," aliniambia. "Muulize kwanza. Ilianza siku gani, analala na nani, na anaoga na nini."

Niliuliza nikiwa nimenuna. Sikusoma miaka yote ile ili nije kumuuliza mtu mzima habari za kuoga. Yule bwana akajibu kwamba analala peke yake, na kwamba anaoga kwa sabuni ya unga ya kufulia nguo, viganja viwili vizima kila jioni, kwa sababu vumbi la manganizi ni jeusi na sabuni ya kawaida inaliogopa. Hakupewa dawa yoyote. Aliambiwa atafute sabuni ya kipande, aoge kwa maji ya vuguvugu, na ajipake mafuta ya mawese kabla ngozi haijakauka kabisa. Baada ya wiki alirudi na mikono laini na kuku mmoja, akampa Tata Kabwita. Mimi hakunipa kitu, na ilikuwa haki yake.

Vyombo vyangu vya kazi vilikuwa viwili. Cha kwanza ni kile kioo cha kukuzia mlichokuwa mkinicheka nacho, ambacho mpini wake ulivunjika Kisenge nikakifungia mpini wa kijiko. Hicho ni cha kutazamia katikati ya vidole, kwenye viwiko na kiunoni, kutafuta vijia vidogo vya mdudu wa upele. Cha pili ni kikata kucha. Nimekata kucha za wachimbaji, za makarani, za mchungaji mmoja aliyekuwa akihubiri huku akijikuna, na za mama mkwe wangu mwenyewe. Kucha ndefu hugeuza muwasho kuwa kidonda, na kidonda kikitoa usaha au mtu akipata homa, mambo ya nyumbani yameisha hapo. Mpelekeni kwa daktari siku hiyohiyo.

Kwa Tata Kabwita ndiko nilikojifunza pia maji ya wanga. Unachukua unga wa muhogo uliochekechwa ukawa laini kabisa, kiganja kimoja tu, unaufunga ndani ya kitambaa safi, unakikamua kwenye beseni la maji ya vuguvugu mpaka maji yawe meupe kama maziwa yaliyochanganywa na maji mengi. Mtoto mwenye tetekuwanga anakaa humo kwa muda wa kusali rozari nusu, kisha unamkausha kwa kumgusagusa na kitambaa, usimfute. Wakati wa tetekuwanga pale Kisenge nilieleza jambo hili kwa akina mama, nikajiona mwalimu. Kesho yake mmoja wao akaniletea mwanawe aliyekaukiwa na unga toka shingoni mpaka miguuni, kama samaki anayesubiri kutiwa kwenye mafuta. Mama yule alikuwa amesikia "unga" na "maji ya moto", akapika mambo ayajuayo. Tulimwosha yule mtoto kwa nusu saa. Tangu hapo nikaacha kueleza tu. Nilionyesha kwa beseni, mbele ya macho yao.

Baadaye nilihamishiwa Fungurume, mji wa malori. Madereva ni wagonjwa wa aina yake, kwa sababu wanajitibu kwanza kwa vitu vya gari. Mmoja alikuja miguu imevimba, amejipaka mafuta ya breki. Nilimuuliza kama yalimsaidia. Akasema ndiyo, muwasho ulikwisha palepale, sasa tatizo ni moto tu. Nilimwekea vitambaa vilivyoloweshwa kwa maji baridi, nikivibadilisha kila vilipopata joto, na kwa saa mbili alilala kwenye benchi akikoroma huku wenzake wakimtania. Kitambaa cha maji baridi ni dawa ambayo kila nyumba inayo, na watu wanaidharau kwa sababu haina harufu.

Fungurume pia ndiko nilikojifunza kuheshimu mafuta meusi ya mbegu za mawese, yale ambayo bibi zetu huwapaka watoto wachanga. Shuleni tulifundishwa kuyacheka. Wakati wa kiangazi, ile Juni na Julai yenye upepo mkavu, ngozi ya watu inapasuka kama udongo wa barabarani, na hayo mafuta yakipakwa kwenye ngozi yenye unyevu yanafanya kazi kuliko krimu nyingi za dukani zenye manukato. Na nguo za mtoto zilizoanikwa nje zipigwe pasi zote, hata nepi, kwa ajili ya yule inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi. Hilo mnalijua, lakini nimeona wauguzi wanalisahau kwa watoto wao wenyewe.

Kolwezi nilifika nikiwa na mvi chache na sifa nyingi. Watu walikuja kutoka mitaa mingine kumtafuta yule mama wa muwasho. Sifa ni kitu kitamu, na mimi niliila kwa mikono miwili. Nilikuwa na maneno yangu ya kila siku, niliyoyasema bila hata kufikiri: oga, sugua, kausha, paka. Hapo penye "sugua" ndipo palipokuwa na tatizo. Zamani tulifundishwa kwamba mwenye upele asuguliwe vizuri kwa sabuni kabla ya kupakwa ile dawa nyeupe yenye harufu kali, ili vijia vya mdudu vifunguke. Mimi nikaligeuza neno la upele kuwa la kila mtu anayejikuna.

Siku moja akaja mwanamke kijana aitwaye Mwamini, amebeba binti yake wa miezi kumi, Faida. Mwamini alizaliwa Mutshatsha, akaolewa hapa Kolwezi katika familia ya Waislamu waliotoka Maniema zamani, watu wa biashara na usafirishaji. Mume wake, Idi, aliendesha lori na alikuwa nyumbani siku chache kwa mwezi. Nyumba ilishikwa na mama yake Idi, Mama Zaina. Mtoto alikuwa mwekundu mgongoni, mapajani na mikononi, na alijisugua kwenye kitenge cha mama yake hata alipokuwa amebebwa. Mwamini mwenyewe alikuwa na muwasho mikononi. Niliuliza maswali yote matatu ya Tata Kabwita. Wanalala wote chumba kimoja. Wanaoga kwa sabuni ya kipande. Nikasema ni upele, nikawapa dawa ya nyumba nzima, nguo zichemshwe, mtoto asuguliwe vizuri kila jioni.

Baada ya wiki mbili alirudi, na mtoto alikuwa mbaya zaidi. Nilitazama kwa kioo katikati ya vidole vya Faida. Hapakuwa na vijia hata kimoja. Nasema wazi, niliona kwamba havipo, na nikajiambia kwamba macho yangu yamezeeka. Nikawapa dawa tena. Nikarudia: sugueni.

Mara ya tatu Mwamini alikuja peke yake, bila kulia, na hiyo ilinitisha zaidi ya kilio. Alinieleza kwamba mama mkwe wake amekata shauri. Huo muwasho, Mama Zaina alisema, haukuwapo katika nyumba yake kabla bibi harusi hajaingia. Umetoka kwa watu wa Mutshatsha, umo katika damu na maziwa ya Mwamini. Idi alikuwa amekubali kwa simu. Akifika Jumapili, mke arudi kwao apumzike, na mtoto aachishwe ziwa.

"Nguo zangu bamekwisha kuzifunga mu bag," aliniambia. "Faida atabakia kwa nkambo yake, mama ya Idi. Mama, niambie tu kama ni kweli. Kama ni maziwa yangu, nitaenda."

 Nilijua kwamba si maziwa yake, lakini sikujua ni nini, na mimi ndiye niliyeitwa fundi. Nikamwambia kwamba jioni ileile nitakuja nyumbani kwao, saa ya kumwogesha mtoto, na asiwaambie wabadilishe lolote.

Ilikuwa Jumatatu. Mama Zaina alinipokea kwa heshima zote, akanipa kiti chenye mto na chai ya tangawizi. Alikuwa mwanamke mrefu, safi kupita kiasi, ua wake umefagiwa mpaka mchanga una mistari. Siku hizo alikuwa akimwogesha mjukuu wake mwenyewe, kwa vile hakuuamini tena mkono wa Mwamini. Maji yalikuwa ya vuguvugu sawasawa. Sabuni ilikuwa nzuri. Nilianza kukata tamaa. Kisha akanyoosha mkono kwenye msumari ukutani, akashusha dodoki la kuogea, lile ambalo sisi huku tunaita eponji, akaanza kumsugua mtoto mgongoni kama nilivyoagiza.

Mnayajua madodoki hayo, hakuna bafu la Kolwezi lisilo nalo. Mtu anachukua mfuko wa plastiki uliofumwa, ule wa kilo hamsini, anaufumua uzi kwa uzi, anazifunga nyuzi katikati, na amepata kitu cha kujisugulia miaka mitatu. Mimi mwenyewe nililelewa nalo. Ndiyo maana, miaka yote niliyouliza "anaoga na nini", mtu alijibu "sabuni" na mimi nikaridhika. Kitu ambacho kila mtu anacho, hakuna anayekitaja.

Nilimwomba Mama Zaina aniazime lile dodoki. Nikaomba sahani nyeupe yenye maji safi, nikalikamua humo mara tatu nne, nikaiweka sahani chini, tukanywa chai. Chai ilipokwisha, chini ya maji palikuwa pametua vumbi laini la kijivu lenye ukijani. Nikamuuliza mfuko ulitoka wapi.

Alinijibu kwa fahari. Idi humletea mifuko kutoka kwenye depo moja ya kununulia madini, mifuko iliyokwisha kumwagwa mawe ikatupwa. Ni mifuko migumu, haikatiki ovyo. Yeye huifua mtoni mara tatu, huifumua kwa mkono wake, na kila anapozaliwa mtoto katika familia humfungia dodoki jipya. La Faida alilitengeneza kabla mtoto hajazaliwa, kwa muda wa siku nne, na nyuzi zake alizichagua nyembamba zaidi ili zisimuumize.

Hapo nilitamani chai isiwe imekwisha. Nilimweleza polepole kwamba mfuko uliobeba mawe ya shaba na kobalti unabaki na vumbi katikati ya nyuzi hata ukifuliwa, na kwamba ngozi za watu wengine hazivumilii vumbi hilo, kama mikono ya Mwamini iliyokuwa ikilishika dodoki, na hasa ngozi changa, hasa ikikwaruzwa kila siku. Sikuwa na maabara. Mpaka leo siwezi kuapa kama ni vumbi, au ni kukwaruza, au ni vyote viwili. Nilimwambia hivyo pia. Mama Zaina aliitazama sahani. Halafu akanitazama mimi, na Mwamini alikuwa amesimama mlangoni anasikia.

"Weye njo ulisema tusugue," alisema. "Tulisugua."

Nikasema ndiyo, ni mimi. Nikasema kosa ni langu, na kwamba Idi akifika nitamweleza hivyo mwenyewe. Sikusema kwa unyenyekevu wa kujionyesha. Nilikuwa na aibu, na nilikuwa naona kwamba mama yule anahitaji mahali pa kujificha, basi ajifiche nyuma yangu. Nikaomba tu jambo moja: mpaka Jumapili, mtoto asiguswe na dodoki lolote wala ile dawa ya upele. Aoshwe kwa kiganja kitupu, sabuni kidogo tena sehemu zinazohitaji tu, maji ya wanga jioni, kisha mafuta meusi kwenye ngozi yenye unyevu. Kucha zake nilizikata palepale. Nguo zake ziwe za pamba, zisuuzwe mara mbili.

Mama Zaina hakubishana. Lakini tangu jioni ile hakumwogesha mtoto tena. Mwamini alinisimulia kwamba saa ya maji ikifika, mama mkwe wake aligeuza kiti chake, akatazama upande wa barabara.

Wiki hiyo nilikuwa na kazi ya kutosha. Nilirudi nyumbani kwangu nikalivuta dodoki langu kutoka bafuni, nikaliangalia kama mtu anavyomwangalia rafiki aliyemsengenya, nikalitupa. Kituoni nilibadilisha maneno yangu ya kila siku. Neno "sugua" nililibakiza kwa masufuria. Na kila aliyekuja na muwasho usioeleweka nilimwambia aje na vitu vyote anavyoogea, katika ndoo, nivione. Mmekuta desturi hiyo mkadhani niliisoma kwenye kitabu. Watu waliniletea mawe ya kusugulia visigino, magunzi ya mahindi, nyavu za samaki, na baba mmoja mtu mzima akaniletea brashi ya viatu. Alisema ni mpya.

Ijumaa nilipita kwa akina Faida baada ya kazi. Mgongo wa mtoto ulikuwa umefifia wekundu, mapaja yamekauka vizuri, na alikuwa ameketi kwenye mkeka anavuta manyoya ya kuku badala ya kujikuna. Mwamini alicheka kidogo aliponionyesha. Hata hivyo lile begi lilikuwa bado karibu na mlango, limefungwa. Hakuna aliyekuwa amempigia Idi simu. Mama Zaina alinisalimia, akauliza habari za wangu, akaingia ndani.

Jumapili nilitoka kanisani nikaenda moja kwa moja. Njiani nilipanga maneno yangu. Ningeanza na salamu za safari, kisha upele, kisha kosa langu, kisha sahani ya maji. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, na mambo ya Mama Zaina nilikuwa nimeyazungusha kwa namna ambayo hata yeye asingejikuta ndani yake.

Idi alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa mtu mpole mwenye macho ya kukosa usingizi, ameketi uani, miguu yake bado ina vumbi la barabara, begi la mke wake liko kando ya kiti chake. Mwamini alisimama karibu na jiko, mtoto mkononi. Nilipewa kiti. Nilipewa chai. Nikafungua mdomo kusema habari za safari, na Mama Zaina akanyanyua mkono wake kunizuia.

"Idi, ile bag uirudishe mu nyumba," alisema. "Mutoto alikuwa anawashwa juu ya eponji yangu. Mi njo niliifunga, mi njo nilikuwa namusugua. Muke yako hana na kosa."

Idi akanigeukia mimi, kama mtu asiyeamini alichokisikia. Nikasema ni kweli, lakini kwamba mimi muuguzi ndiye niliyeagiza mtoto asuguliwe, na mama yake alitii tu. Nilifikiri nimemwokoa. Mama Zaina akatikisa kichwa.

"Ule alisema," alimwambia mwanawe, akinionyesha kwa kidevu. "Mukono ilikuwa ya mi."

 Kwa miaka yangu yote ya kazi nilikuwa nimeona watu wakivumilia sindano, kukatwa, kuzaa, lakini ujasiri wa namna ile sikuwa nimeuona, wa mama mkwe mbele ya mkaza mwana. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Idi alisimama, akalichukua begi, akaliingiza ndani.

Mwamini alimweka mtoto kiunoni. Kisha akateremsha sufuria, akamimina maji kwenye beseni, akayapima kwa kiwiko, na akaja mbele ya kiti cha mama mkwe wake akamnyooshea mtoto kwa mikono miwili.

"Maji iko tayari, mama," alisema. "Mumuoshe."

Mama Zaina alikawia kumpokea. Alipompokea, alikunja mikono ya nguo yake, akaloweka kiganja, na akaanza kumwosha polepole sana kwa mkono mtupu, nyuma ya masikio kwanza, halafu shingoni, halafu mgongoni.